Kumwuliza Mungu Njia

Ninyi mliozaliwa katika nchi ya juu ya Makonde, katika Newala na Mkunya na vijiji vya kandokando, mwajua vema habari ya njia panda. Tangu zamani wazee wetu walijenga juu, penye upepo mzuri, na maji yalikuwa chini bondeni. Mama zetu walishuka alfajiri na mitungi yao, wakapanda tena mlima jua likiwa kali, na mtungi umejaa kichwani. Njia za kushukia zilikuwa nyingi, nazo zilifanana. Na vichaka vya nchi yetu husongamana hata mtu asione hatua kumi mbele yake.

Mgeni akifika penye njia panda katika vichaka vile, afanye nini? Mpumbavu hukimbilia njia ya kwanza aionayo. Mvivu huketi chini hata giza likamkuta. Lakini mwenye akili husimama, hupaza sauti, humwuliza mwenyeji; na akiisha kujibiwa huondoka, akaenda kwa miguu yake mwenyewe.

Katika maisha ya kila mtu ziko njia panda za namna hii. Ugonjwa waingia nyumbani, baba afariki, njaa yaja, rafiki atuvuta kwenye jambo baya, twatakiwa kuchagua, wala hatujui njia ipi ni ya haki. Katika somo hili tutajifunza maana ya kumwuliza Mungu njia, na tutajifunza kwa habari ya watu waliopita katika nchi yetu hii ya Masasi na Newala.

I. Watu waliokuwa huru, wasijue pa kwenda

Tarehe 5 Juni mwaka wa 1873, Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alikubali mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mahali pale pale palipokuwa soko, Misioni ya Vyuo Vikuu, iliyoitwa kwa kifupi U.M.C.A., ikaanza kujenga kanisa kubwa. Jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka ule ule.

Lakini biashara mbaya haifi siku moja. Majahazi mengine yaliendelea kuchukua watu kwa siri, na manowari za Waingereza zikawa zikiyakamata. Wengi wa wale waliookolewa walikabidhiwa misioni, wakakaa katika shamba la Mbweni, nje ya mji wa Unguja. Hao walikuwa Wayao, na Wanyasa, na Wamakua, na watu wa makabila mengine ya bara. Wengi walikuwa wameibwa wakiwa watoto. Wengine hawakukumbuka majina ya wazazi wao, ila walikumbuka lugha, au mlima, au mto uliokuwa karibu na nyumba.

Basi fikirini hali yao. Minyororo imekatwa, nao wako huru. Lakini uhuru wenyewe ukaleta swali lililo gumu: kwetu ni wapi? Kukaa Unguja daima ni kukaa ugenini. Kurudi bara ni kupita tena katika njia ile ile waliyopitishwa wakiwa wamefungwa shingo, na huko bara wakamataji wa watu walikuwa wangaliko. Hakuna aliyeweza kuwaahidi kwamba watafika salama.

Askofu wa misioni wakati ule alikuwa Edward Steere, aliyepata uaskofu mwaka wa 1874. Huyu ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko katika Kiswahili. Alikuwa mtu wa kusali, tena mtu wa kazi. Hakutenga mambo hayo mawili. Mwaka wa 1875 alisafiri mwenyewe kwa miguu hata Mwembe, kwa Mataka, mfalme wa Wayao, aione nchi kwa macho yake. Akiisha kurudi, akaazimu kuongoza kundi la watu waliokombolewa warudi bara, wafanye kijiji chao cha Kikristo katika nchi iliyo karibu na kwao.

Mwezi wa Oktoba 1876 wakaondoka Unguja, wakashukia Lindi. Walikuwa watu waliokombolewa zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake. Kutoka Lindi wakaenda kwa miguu, wakichukua mizigo yao kichwani, wakipita katika nchi ya Wamwera. Nia yao ya kwanza ilikuwa kwenda mbele zaidi, kuelekea nchi ya Wayao na ziwa la Nyasa. Mwezi wa Novemba wakafika Masasi.

Mwaijua Masasi: milima ya mawe matupu iliyosimama wima katikati ya nchi tambarare, kama watu warefu waliosimama shambani. Chini ya milima ile waliona udongo mzuri na maji. Na mvua za masika ya kwanza zilikuwa karibu. Asiyelima mwezi ule hatavuna. Hapo ndipo palipokuwa njia panda yao. Waende mbele, kama walivyokusudia? Au wakae hapa?

Watu wenyewe wakasema kwamba nchi hii ni nzuri, nao wataka kukaa. Askofu akasikiliza maneno yao, akakubali. Shauri lake la kwanza, alilolifikiri muda mrefu na kulisafiria, akaliacha. Wakaanza kukata miti, kupima viwanja na kujenga nyumba. Askofu akakaa nao kwa muda, kisha akarudi Unguja, na kijana mmoja, William Percival Johnson, akabaki kuwatunza. Hivyo ndivyo misioni ya Masasi ilivyoanza.

II. Uongozi ulikujaje?

Sasa tuulize: Mungu aliwaongozaje watu hawa? Watu wengi wadhani kwamba uongozi wa Mungu huja kwa ajabu tu: kwa ndoto, au sauti kutoka mbinguni. Ni kweli kwamba katika Maandiko twasoma habari za namna hiyo. Mtume Paulo aliona usiku mtu wa Makedonia akimwita avuke bahari. Mtoto Samweli alisikia akiitwa kwa jina lake. Mungu aweza kufanya hivyo. Lakini hao walikuwa wachache, na kwa watu wengi, siku nyingi, hafanyi hivyo.

Katika habari ya Masasi hatusikii ndoto wala sauti. Twaona mambo manne ya kawaida.

Kwanza, walisali. Katika misioni ile sala za asubuhi na jioni zilikuwa desturi, nyumbani na safarini. Hawakungoja shida ije ndipo wamjue Mungu. Mtoto asiyezungumza na baba yake mwaka mzima, siku atakapokimbilia kwake kwa hofu, hata sauti ya baba yake haitambui vizuri.

Pili, walifungua macho. Walitazama udongo, na maji, na majira ya mvua. Mungu ndiye aliyeumba udongo na mvua. Kwa hiyo anayeyatazama mambo hayo kwa moyo wa kusali, asome maana yake, hamkosei Mungu. Amsikia akisema kwa kazi zake.

Tatu, walishauriana. Askofu alikuwa mwenye elimu na cheo. Wale aliowaongoza walikuwa juzi watumwa, watu wasiohesabiwa kitu. Hata hivyo aliwasikiliza. Mungu hupenda kuweka neno lake katika kinywa cha mtu mdogo, apate kumjaribu mkubwa kama ni mnyenyekevu.

Nne, Askofu alikubali kubadili shauri. Hili ndilo gumu kupita yote. Wengi wetu twaenda kusali tukiwa tumekwisha kukata shauri mioyoni mwetu. Twataka Mungu aweke sahihi yake tu chini ya barua tuliyokwisha kuiandika. Hiyo si kuomba uongozi. Anayeomba uongozi humpa Mungu karatasi tupu.

III. Shida kubwa ya mwaka wa 1882

Kama habari ingalikwisha hapo, somo letu lingalikuwa jepesi. Tungalisema: Walisali, wakachagua vema, wakakaa raha mustarehe. Lakini haikuwa hivyo, wala si haki kuwaficha watoto kweli.

Kijiji kilikua. Padre Chauncy Maples akaja, na shule ikafundisha. Hata mwaka wa 1882 zikaja shida mbili, moja nyuma ya nyingine. Tarehe 27 Agosti Askofu Steere akafariki Unguja. Na mwezi uliofuata, Septemba, Masasi ikashambuliwa na jeshi la Wangoni kutoka pande za Songea, ambao watu wa siku zile waliwaita Magwangwara. Watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, na kijiji kikaharibika. Watu waliokuwa wamekwisha kukombolewa katika utumwa mara moja, wakafungwa mara ya pili.

Wamisionari walijitahidi kuwakomboa mateka, na wengine wakarudi. Lakini wengine hawakuonekana tena.

Hapa yatupasa kusimama. Watu hawa walisali kabla ya kuchagua Masasi. Walitazama, walishauriana, walinyenyekea. Je, Mungu aliwadanganya? Au hawakumsikia vizuri? Au sala haina maana?

Mtoto yeyote aliyemwombea mama yake apone, naye asipone, amekwisha kuuliza swali hili, hata kama hakulitamka kwa kinywa. Tusimkemee. Manabii na watakatifu wameliuliza kabla yake.

Jibu letu ni hili. Mungu hakutuahidi popote kwamba njia iliyo ya haki haitakuwa na miiba. Mkimtazama Bwana wetu Yesu Kristo katika bustani ya Gethsemane, mtaona njia panda iliyo kubwa kuliko zote. Aliomba mara tatu. Aliomba kwa uchungu, jasho likimtoka. Alisema wazi mbele ya Baba yake kwamba angependa kikombe kile kimwepuke, kisha akayaweka mapenzi ya Baba juu ya mapenzi yake. Je, sala yake haikujibiwa? Kikombe hakikuondolewa, lakini Yeye aliyeanguka kifudifudi kwa huzuni aliinuka, akaenda mwenyewe kuwalaki waliokuja na mienge. Hilo ndilo lililokuwa jibu. Alipewa nguvu ya kutembea katika njia ile hata mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa ufufuo.

Wala tusiseme upesi kwamba Mungu ndiye aliyeleta vita ile ili apate faida fulani. Uovu ni uovu, na machozi ya mateka yalikuwa machozi ya kweli. Twasema hili tu: uovu haukuweza kumfungia Mungu mlango. Baada ya Masasi kuharibika, Padre Maples alihamia Newala kwa Matola, mfalme wa Wayao aliyekuwa rafiki wa misioni, na kazi ya Injili ikapata nguvu katika nchi hii ya juu tunayokaa sisi. Masasi nayo haikuachwa. Mwaka wa 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa katika utoto wake, akapata upadre, naye ni Mwafrika wa kwanza kuwa padre katika misioni ile. Mahali pake pa kazi palikuwa Chitangali, katika nchi hii hii. Mtoto aliyepitishwa njia ya watumwa kwenda pwani, alirudi bara akiwa mchungaji wa watu.

Na hao Wangoni je? Injili iliwafikia nao. Misioni ya Wabenediktini ilifungua kituo cha Peramiho, karibu na Songea, mwaka wa 1898, na leo wajukuu wa waliopigana mwaka ule wa 1882 huinama mbele ya Mungu mmoja.

Shida hazikuwa zimekwisha. Katika vita vya Maji Maji, mwaka wa 1905, Masasi ilichomwa moto. Katika vita kuu vya 1914 hata 1918, wamisionari Waingereza walifungwa na serikali ya Wadachi, na mapadre na walimu Waafrika wakabaki peke yao na njaa na majeshi, wakishika ibada. Kila mara watu walisimama penye njia panda. Kila mara walipiga magoti. Na kila mara waliinuka wakafanya kazi iliyo mbele yao.

IV. Kusali si kupiga ramli

Watu wengi wakipatwa na shida humwendea mpiga ramli. Humwuliza: Nani ameniroga? Nitapona au nitakufa? Mwizi wangu ni nani? Na mara nyingi hurudi nyumbani na jina la jirani, na chuki mpya moyoni.

Mkristo naye aweza kusali kama apigaye ramli. Hufumba macho, hufungua Biblia popote, huweka kidole, na neno lililo chini ya kidole hulifanya kuwa amri. Au hujiambia: Ndege akilia upande wa kuume, nitakwenda, akilia upande wa kushoto, nitakaa. Hiyo si imani; ni uvivu uliovaa nguo za imani.

Tofauti ni hii. Mwenye kupiga ramli ataka kuyajua mambo yaliyofichwa, lakini moyo wake mwenyewe hataki uguswe. Mwenye kusali humwachia Mungu yaliyofichwa, akaomba ageuzwe yeye, apate kufanya yaliyo wazi. Na mara nyingi mambo yaliyo wazi ni mengi kuliko tunavyopenda kukubali.

Nabii Eliya alipokuwa amechoka na kuogopa, hata akatamani kufa, alikwenda mlimani Horebu. Ukaja upepo wa kuvunja miamba, na tetemeko la nchi, na moto. Lakini Bwana alimjia katika sauti ndogo ya utulivu. Tena kumbukeni kwamba kabla ya mambo hayo, malaika alimpa Eliya mkate na maji, akamwacha alale. Mungu ajua kwamba mtu aliyechoka na mwenye njaa hawezi kupambanua neno. Basi mtu asikate shauri kubwa akiwa na hasira, wala akiwa hajala, wala usiku wa manane akilia. Alale kwanza. Asubuhi asali tena.

V. Mvulana na mjomba wake

Tutoe mfano wa mambo yawezayo kumpata mmoja wenu.

Mvulana mmoja wa darasa la saba aliishi na mama yake tu, kwa kuwa baba alikuwa amekufa. Wakati wa kuokota korosho mama akaugua miguu, asiweze kwenda shambani. Mtihani wa mwisho ulikuwa karibu. Rafiki yake akamwambia, “Acha shule, twende Mtwara. Bandarini watu wapata fedha kila siku. Utamletea mama yako dawa.” Maneno yale yakamwingia, kwa sababu yalikuwa na upendo ndani yake. Shauri baya likija limevaa nguo mbaya, twalikataa upesi. Likija limevaa nguo za upendo, ndipo huwa gumu.

Usiku ule mvulana alisali. Hakusikia neno lolote. Akasali usiku wa pili, akasema mbele ya Mungu kweli yote: kwamba anaogopa mama atakufa, tena kwamba anaogopa mtihani, na sehemu ya moyo wake yafurahi kupata sababu ya kuukimbia. Alipoyasema hayo ya pili akashtuka, kwa maana hakuyajua mwenyewe kabla ya kuyasema.

Asubuhi hakwenda Mtwara. Alikwenda kwa mjomba wake, ndugu wa mama, mzee mkali asiyependa maneno mengi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mbona asubuhi hivi? Mama yako hajambo?”

“Hajaweza kusimama, mjomba. Nimekuja kutaka shauri.”

Akamweleza yote, hata habari ya kuogopa mtihani. Mzee akanyamaza muda mrefu, akichonga mpini wa jembe.

“Ungalikwenda Mtwara,” akasema, “ningalisikia habari kwa watu, nami ningalikasirika. Mikorosho ile ni ya dada yangu. Mbona hamkuniambia?”

“Mama aliona haya, mjomba. Alisema una watoto wako.”

“Haya yake itamwua kabla ya miguu,” akasema mzee, akainuka.

Mjomba akawaleta watoto wake, wakaokota korosho pamoja siku za jioni na Jumamosi. Mama akachukuliwa hospitali. Mvulana akafanya mtihani. Hakuwa wa kwanza, wala miguu ya mama haikupona kabisa. Mpaka leo hutembea na fimbo. Lakini nyumba haikuvunjika, na ndugu wawili walioacha kutembeleana wakaanza tena kula pamoja.

Jibu la sala lilikuwa wapi? Halikuwa katika ndoto. Lilikuwa katika ile kweli aliyoisema gizani, na katika miguu iliyompeleka kwa mjomba wake. Angalipiga magoti tu asiondoke, korosho zingaliozea chini ya miti. Angalikwenda tu asipige magoti, angalikwenda Mtwara.

VI. Mambo ya kushika

Basi, mkipatwa na shida, yashikeni mambo haya.

1. Mwambieni Mungu kweli yote, hata ile inayowatia haya. Hamwezi kumshangaza.

2. Ulizeni kwanza: Je, njia hii yanilazimu kusema uongo, au kuiba, au kumtesa mtu, au kuwadharau wazazi? Ikiwa ndivyo, hapana haja ya kungoja jibu. Jibu lilikwisha kutolewa zamani katika amri zake.

3. Tafuteni shauri kwa mtu mkubwa mnayemwamini: mzazi, mjomba, bibi, mwalimu, padre. Mficha maradhi kifo humfichua. Mtu akiwaambia, “Usimwambie yeyote,” hapo ndipo pa kushuka mashaka.

4. Msifanye haraka, wala msilale katika mambo yaliyo wazi. Kama hamjui la mwaka ujao, fanyeni la leo: chota maji, fagia ua, soma kitabu, mtunze mgonjwa. Taa ya safari huangaza hatua moja au mbili. Anayetembea nayo huiona hatua ya tatu akiisha kuzikanyaga mbili za kwanza.

5. Mkiisha kuchagua kwa moyo safi, na shida ikaja juu yake, msijilaumu upesi, wala msimlaumu Mungu. Kumbukeni Masasi ya mwaka wa 1882.

Padre Maples, tuliyemtaja, alifanywa Askofu wa Likoma mwaka wa 1895. Miezi michache tu baadaye, tarehe 2 Septemba, alipokuwa akirudi kwa mashua katika ziwa la Nyasa, dhoruba ikaipindua mashua, naye akazama. Mtu akihesabu kwa hesabu ya duniani atasema kwamba njia yake ilikatika. Lakini mtu ambaye ametembea na Mungu kila siku, hata njia ikikatika ghafula, yumo mkononi mwake yule yule aliyekuwa akimwuliza.

Sala

Ee Baba, sisi tu watoto, na njia ni nyingi mbele yetu. Tuonyeshe hatua ya leo. Tupe moyo wa kusema kweli mbele yako, na masikio ya kusikia shauri jema, na miguu ya kuondoka tukiisha kusikia. Na njia ikiwa na miiba, usituache peke yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Maswali

1. Kwa nini watu waliokombolewa walipata shida hata walipokuwa huru?
2. Askofu Steere alikusudia nini kwanza, na kwa nini alibadili shauri lake pale Masasi?
3. Taja mambo manne ambayo kwayo watu wa Masasi walipata uongozi.
4. Ni jambo gani lililotukia mwezi wa Septemba 1882? Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini jambo lile halionyeshi kwamba sala haina maana.
5. Kusali kwahitilafianaje na kupiga ramli?
6. Yule mvulana aligundua nini moyoni mwake aliposali usiku wa pili? Je, kwa nini ilikuwa vema kumweleza mjomba wake jambo hilo pia?
7. Mwulize mzee wa kijijini kwenu akueleze habari ya wakati mmoja wa shida alioupita, na jinsi alivyopata njia. Andika habari hiyo katika daftari yako, uisome mbele ya darasa akikupa ruhusa.